Baba, uzamivu bado haujaanza

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na kwamba baridi ya Juni ya Lushoto haijakukamata kifua. Huku Manchester wanasema ni kiangazi. Sawa, tuwakubalie, lakini mwavuli hautoki begani.

Kaka ameniambia watu wanakuuliza msikitini kama tayari nimekuwa Dokta, nawe huna la kuwajibu. Waambie bado. Huu ni mwaka wa uzamili wa mbinu za utafiti, na ndio mlango wa kuingilia kwenye uzamivu: mwaka mmoja huu, kisha mitatu ya utafiti wenyewe. Najua unajiuliza kwa nini mtu mwenye uzamili wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, arudishwe tena darasani. Hata mimi nilinuna mwanzoni. Ila kule nilisoma kilimo. Hapa nasoma namna ya kuuliza watu, na namna ya kutoamini upesi wanachonijibu.

Walituanzishia na kisa cha Marekani, mwaka 1936. Jarida moja lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza nani atashinda urais, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza Landon. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48! Majina mengi waliyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na miaka ile ya dhiki fukara hakuwa na hivyo. Mpima maoni mwingine, Gallup, aliuliza watu wachache mno kuliko hao, akapatia.

Ila siku niliyokukumbuka hasa ni ile mwalimu aliyotugawia dodoso la utafiti wa wakulima, tulikosoe. Swali mojawapo: "Msimu uliopita ulivuna magunia mangapi?" Wenzangu wakalipita. Mimi binti wa bwana shamba ningelipitaje? Gunia lipi? Sheria inataka lisizidi kilo 100, lakini viazi vinavyoteremka kwenda Dar vimefungwa lumbesa, kilemba juu na kamba. Mkulima akisema kumi na mwenye ghala akisema kumi, hawajasema kitu kimoja. Na msimu upi, wa vuli au wa masika? Halafu anayejibu ni mwenye nyumba, wakati anayejua viazi viliuzwa bei gani ni mkewe. Darasa zima lilinigeukia. Nikawaambia hayo niliyajua kabla sijajua kusoma, nikikufuata kwenye pikipiki ya wizara.

Jambo linalonikera ni fomu za ridhaa. Kamati ya maadili inataka kila mtu asaini kabla ya mahojiano. Nia ni njema kabisa, lakini mpelekee mzee wa Soni karatasi ya kusaini uone kama hatadhani unataka shamba lake. Nimeomba niruhusiwe kuchukua ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi. Wamekubali, baada ya kuniandikisha maelezo marefu. Kibali cha utafiti cha COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia ya huko nyumbani, nitakishughulikia baadaye, nikishaingia uzamivu.

Mama anauliza mkwe wenu anakuja lini. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani kama mimi haruhusiwi kuja na mwenzi wake. Wa uzamivu anaruhusiwa. Kwa hiyo avumilie, nami navumilia.

Tasnifu naikabidhi Septemba. Ina krediti 60 kati ya 180 za mwaka mzima, ndiyo maana simu zangu zimekuwa haba. Wiki hii nitakutumia dodoso langu kwa WhatsApp. Usilijibu kwa kunipendelea. Lisome kama ulivyokuwa ukisoma fomu za wizara, uzungushie wino mwekundu kila swali ambalo mkulima wa Mlalo angelicheka, kisha Kaka alipige picha anirudishie.

Hela ya mbolea nimeituma kwa namba ya Mama. Nusu ni ya dawa yako ya presha, naye anajua.

Binti yako,
Zaina