Bushi ngumu si dawa ya kila mkono wa nyuma wa Subaru

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye Subaru Impreza za mwaka 2000 hadi 2007, pamoja na Forester za toleo la pili, ambazo kwa nyuma zimeundwa karibu sawa. Gari hizi zinapendwa Afrika Mashariki tangu enzi za Safari Rally, ambayo Subaru ilishinda mwaka 1996, 1997 na tena 2000. Inauma kuona gari imara namna hii inaharibiwa nyuma kwa spea za bei kubwa zilizofungwa pasipo pake.

Kila gurudumu la nyuma linashikwa na shokapu kwa juu, na kwa chini na mikono 3. Miwili ni ya pembeni, inatoka katikati ya gari kwenda kwenye habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu. Wa tatu unatoka kwenye habu kwenda mbele hadi kwenye bodi, nao mafundi tunauita treilingi. Kila mkono una bushi 2, yaani raba yenye bomba la chuma katikati na ganda nje, inayokaa kwenye tundu la mkono na kupitiwa na bolti. Kwa hiyo ni 6 kila upande. Zikichoka, ukiachia mafuta ghafla kwenye kona mkia unajigeuza wenyewe, kwenye matuta unasikia mlio wa kugonga, na tairi inaliwa upande wa ndani. Kabla ya kununua chochote, inua gari, ingiza mtaimbo kati ya mkono na sehemu ulipofungwa, sukuma taratibu. Raba iliyopasuka au kubanduka kwenye chuma utaiona inaachia.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia seti nzima ya bushi za poli (poliurethani, aina ya plastiki), zile ngumu za rangi nyekundu au njano, na kuzifunga kila tundu. Ni kosa, na sababu yake ni hii. Mikono ya pembeni kazi yake kubwa ni kupanda na kushuka kama bawaba ya mlango, na bushi ya poli inaiweza kazi hiyo vizuri, hasa zile za upande wa ndani. Treilingi haiko hivyo. Wakati inapanda na kushuka, habu nayo inavutwa kidogo ndani na nje na mikono ya pembeni, kwa hiyo bushi ya treilingi lazima ijikunje pande zote. Raba inakubali. Poli inakataa, na ikikataa mkono unakwama: gari linakuwa gumu kama lililoongezwa springi, nyuma linarukaruka kwenye barabara mbovu, na nguvu yote inahamia kwenye bolti na mahali mkono ulipofungwa kwenye bodi. Kwa gari la barabarani, hata la mwendo, ushauri wangu ni raba mpya ya kiwango cha kiwandani kwenye treilingi, poli kwenye pembeni ukipenda. Jointi za chuma kwa chuma waachieni wa mashindano. Vumbi letu linazila haraka na kelele yake inaingia ndani ya gari.

Mikono ya kurekebika nunua tu kama gari limeshushwa kimo hadi bolti ya kiwandani ya kurekebisha imefika mwisho. Ukirefusha mikono yote miwili ya pembeni, gurudumu linasukumwa nje kwa chini na kulala zaidi. Ukiifupisha yote, linasimama wima. Ukigusa mmoja tu, unageuza mwelekeo wa tairi. Urefu wa kushoto na kulia upimwe kwa rula, usikadiriwe kwa macho, na uzi wa skrubu uliobaki ndani usipungue mara moja na nusu ya unene wake: uzi wa milimita 14 ubaki na milimita 21 ndani. Ukipungua hapo, mkono unaweza kuchomoka njiani.

Ufungaji ndio unaoua bushi nyingi mpya. Bushi ya raba haizunguki kwenye bolti. Bolti inabana bomba la katikati na raba inajinyonga. Fundi akikaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishuka chini raba inabaki imenyongwa muda wote, na itapasuka mapema mno. Kwa hiyo, kabla ya kuinua gari, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi na uandike. Funga bolti zote kwa mkono tu, weka jeki chini ya habu, inua hadi kipimo kilekile kirudi, ndipo ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Bushi mpya isukumwe kwa presi ikikalia ganda la nje, kamwe si bomba la katikati. Ya poli ipakwe grisi ya silikoni, bila hiyo italia kila tuta.

Jiandae pia na bolti ndefu inayopita kwenye habu na mikono yote miwili. Kutu huigandisha humo ndani, na mara nyingi haitoki bila kukatwa. Iwe na mbadala wake mezani kabla kazi haijaanza, na mpya ipakwe grisi ya kuzuia kutu. Bolti yenye kirekebishi itiwe alama ya rangi kabla ya kufunguliwa. Mwisho, alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, yote 4: nyuma yaangalie mbele sawasawa au kuingia ndani milimita 1 hadi 2 kwa jumla, kamwe yasitazame nje.

Wauza spea nao nawaomba: acheni kuuza bushi za nyuma kwa seti tu. Mteja anayehitaji 2 za treilingi asilazimishwe kubeba 12 za poli.

Fundi wa sasipensheni,
Ilala, Dar es Salaam