Mdogo wangu, Baba hakuwa mfanyabiashara

Mdogo wangu,

Juzi usiku ulipotuma ule ujumbe kwenye grupu ya familia, kwamba kwa ibada ya mwaka mmoja tuchapishe ratiba ileile ya mazishi na kubadilisha tarehe tu, nilikuwa jikoni na Mama tukichambua sukuma. Nilimsomea. Hakusema kitu. Akaendelea kuchambua mpaka fungu likaisha, ndipo akaniuliza, "Na lile neno pia litabaki?"

Ndiyo maana nakuandikia. Najua utauliza kwa nini hapa hadharani, na si kwa simu. Kwa simu nimejaribu mara tatu, na mara zote umeniambia tusifufue mambo. Lakini neno lenyewe lilisomwa kwenye kipaza sauti, kanisa limejaa mpaka kwenye mahema nje. Tukilirekebisha mimi na wewe kwa simu, wale waliolisikia watajuaje?

"Alikuwa mfanyabiashara jijini Nairobi kwa zaidi ya miaka thelathini."

Biashara gani? Baba aliuza mitumba Gikomba miezi miwili, akala hasara ya bale nzima, akarudi kwenye kazi yake. Kazi aliyokuwa nayo kabla hujazaliwa, na aliyokuwa nayo wiki aliyolazwa. Baba alikuwa chale. Siku hizi watu wanasema klauni, lakini wazee wa Kaloleni walimwita chale, na neno hilo limo kwenye kamusi, neno la Kiswahili kama mengine. Halina aibu ndani yake.

Unakumbuka ile soksi? Usiniambie umesahau. Soksi yako ya kijivu ya darasa la nne, yenye mistari miwili ya kijani juu, iliyopotelewa na mwenzake. Baba aliiosha, akaijaza poda ya mtoto, akaifunga fundo. Akishajipaka, nyeupe kuzunguka macho na mdomo, nyekundu mashavuni, alikuwa akijipigapiga nayo usoni polepole, amefumba macho, poda ikipanda kama vumbi mlangoni, mpaka rangi ishike isiyeyuke kwa jasho. Jioni aliitoa rangi yote kwa Arimis na pamba, na bado nyeupe kidogo ilibaki nyuma ya sikio. Mama aliitafuta hiyo na ncha ya kanga yake. Pua ilikuwa ya mwisho kuvaliwa. Kabla ya pua alikuwa akisali, hata tukiwa nyuma ya gari la mtu Lavington, watoto wa sherehe wanapiga kelele ukutani. Pua ikishavaliwa, hakuna ugomvi, hakuna kuulizwa kodi ya nyumba. Mama alingoja itoke.

Na kule Uhuru Park, Jumamosi. Ulingo wa sarakasi una upana wa karibu mita 13, alitufundisha, popote uendapo duniani, kwa sababu Philip Astley, Mwingereza aliyekuwa askari wa farasi, aliona karne ya 18 kwamba farasi akikimbia kwenye duara la kiasi hicho mtu anaweza kusimama mgongoni mwake asianguke. Baba hakuwahi kuwa na farasi. Alikuwa na kamba ya mita sita na nusu. Wewe ndiye uliyesimama katikati umeshika ncha, yeye akizunguka na ile nyingine akimwaga unga wa chokaa nyuma yake, na watoto wa watu wakijipanga kwenye mstari mweupe. Ulikuwa ukisimama wima kama askari. Mimi nilikuwa nikikuonea wivu, nakwambia ukweli, kwa sababu kamba hiyo hakunipa hata siku moja.

Sasa nirudi siku yenyewe.

Wenzake wanne walikuja na matatu kutoka Kariobangi, wamevaa suti. Yule mrefu, anayetembea juu ya miti, alikuwa amekuja na kiatu kimoja cha Baba, kile cha njano, kwenye mfuko wa karatasi. Kila mmoja alikuwa na pua yake mfukoni. Hawakutaka kucheza, hawakutaka kusema neno. Walikuomba waweke kiatu kwenye jeneza, na wavae pua kwa dakika moja wakipita mbele yake. Ulikuwa umesimama mlangoni na miwani yako myeusi. Ukawaambia, "Hapa ni kanisani."

Si sauti ya ukali. Hiyo ndiyo imenishinda kuisahau. Ulisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni mahali choo kilipo. Yule mrefu akakunja mdomo wa ule mfuko mara mbili, tatu, akauweka chini ya mkono wake, wakaenda kukaa benchi la nyuma kabisa. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwenu. Kisha nikaitwa kusoma wasifu.

Baba huyo uliyemlinda na kanisa hakukosa ibada ya asubuhi mpaka miguu ilipokataa. Hoteli moja kubwa ilimpa kazi ya Pasaka, malipo ya karibu miezi miwili, ikamtaka saa tatu asubuhi. Akawaambia ataweza saa nane. Wakatafuta mtu mwingine. Tulikula ugali na maharagwe Pasaka hiyo, na kwenye kwaya aliimba besi kama kawaida.

Na ile ya London umeisikia mara ngapi? Mimi naijua kama naijua sala. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Februari, kuna kanisa la Kianglikana mtaa wa Hackney, mashariki mwa London, linalofanya ibada ya kumkumbuka Joseph Grimaldi, chale aliyekufa mwaka 1837. Ibada hiyo ilianza miaka ya 1940. Na chale wa huko huingia kanisani wamejipaka rangi, viatu virefu na vyote, wakaimba na kuwaombea wenzao waliofariki. Baba alikuwa huko kwa mkataba, 1987, hema limefungwa kwa sababu ya baridi, mwenzake mmoja akamchukua. Alitusimulia jinsi alivyoogopa pale mlangoni. Mtu mweusi, mgeni, uso umepakwa, anaingia nyumba ya Mungu. Alingoja mtu amwambie atoke. Aliyekuwa mlangoni akampa kitabu cha nyimbo.

Barua ya Mama ilikuwa kwenye mfuko wa lile koti la viraka. Ulikuwa umezaliwa majuma matatu nyuma, kifua kinakubana, daktari hasemi lolote la maana. Baba alipiga magoti Hackney na pua yake nyekundu akakuombea. Mkataba ulikuwa na misimu mingine miwili. Hakuutia sahihi. Alirudi Nairobi kwa sababu yako, mdogo wangu, na hakupanda ndege tena maisha yake yote. Hakuwahi kukwambia hivyo kwa sababu alisema mtoto hapewi deni kama hilo. Mimi nakwambia. Labda nakosea.

Nakiri na ya kwangu pia, maana nikiacha nitakuwa nimekuonea. Usiku wa kuamkia mazishi nilikuwa River Road, kwenye duka la uchapishaji, saa tatu usiku. Kijana wa kompyuta alinifungulia ukurasa wa wasifu uliomtumia wewe mwenyewe kwa barua pepe. Neno nikaliona. Akaniuliza, "Kuna marekebisho?" Mshale wake ulikuwa umesimama palepale, juu ya herufi M. Nikamwambia hapana, piga.

Nilikuwa sijalala usiku tatu. Nakala mia tatu zilitakiwa kabla ya alfajiri, na pesa zilikuwa zako. Jeneza lilikuwa lako, mahema yako, basi la kwenda Lang'ata lako. Mimi nilikuwa nimetoa nini? Nilikuwa nimemwogesha, nimemkata kucha, nimemchoma sindano ya sukari asubuhi na jioni kwa miaka minne, nikaacha kibanda changu cha ushonaji kikafungwa. Lakini hayo hayana risiti. Ukitoa pesa watu wanakuuliza uamuzi, na ukitoa mikono wanakuuliza chai iko wapi. Basi nikanyamaza. Na asubuhi nikasimama nikalisoma, wazi, bila kukwama. Niliinua macho nikamwona yule mrefu benchi la nyuma amekumbatia mfuko wake kama mtu aliyebeba mayai.

Sikukatai wema wako. Machi ya 2020, ugonjwa ulipoingia na mikusanyiko ikapigwa marufuku, hakukuwa na sherehe ya mtoto hata moja, na ni wewe uliyetulisha. Kila tarehe mbili, bila kukumbushwa. Baba aliandika kila kiasi kwenye daftari lake, na juu ya ukurasa akaandika jina lako kwa herufi kubwa. Daftari hilo Mama analo. Nakupenda, na ninakuhesabia hayo yote.

Lakini nikushauri kama dada yako mkubwa: usimfiche mtu aliyekulea kwa sababu wakwe wako wanatazama kwenye simu. Nilijua wanatazama, kulikuwa na kamera kwenye mguu wake pale mbele. Mwanao ana miaka tisa. Siku moja atauliza babu yake alifanya kazi gani, na wewe uko Marekani, nchi iliyozaa picha aliyoibandika Baba ndani ya mlango wa kabati. Unaikumbuka, ilikatwa gazetini. Tarehe 6 Julai 1944, hema la sarakasi lilishika moto Hartford, likateketea kwa dakika chache kwa sababu turubai lake lilikuwa limepakwa nta na petroli lisipenye mvua. Walikufa watu zaidi ya 160, wengi wao wanawake na watoto. Na kwenye picha, chale Emmett Kelly anakimbia na ndoo ya maji, rangi ingali usoni. Ulipomuuliza Baba kama chale ni kazi kweli, ulikuwa darasa la saba, umerudi na uchungu wa maneno ya shuleni, hakukujibu. Alifungua mlango wa kabati.

Jana nilirudi River Road. Kijana ni yuleyule. Nimebadilisha tarehe kama ulivyosema, na nimebadilisha neno moja ambalo hukusema. Nimewapigia wale wanne, nimewaambia waje na pua zao, na wakae mbele na familia. Kasisi nimezungumza naye. Aliniuliza kwa nini hatukumwambia mapema, angeweza kusema jambo siku ya mazishi.

Ukikasirika, kasirika. Pesa za mahema safari hii tumechanga, hakuna atakayekuomba.

Kimebaki kitu kimoja. Kwenye jalada tunataka ile picha ya Hackney, Baba amepiga magoti, koti la viraka, kofia mkononi. Ndiyo moja tu iliyokuwepo. Mama anasema siku ya tatu baada ya mazishi, kabla hujaenda uwanja wa ndege, aliingia chumbani akakukuta na albamu mapajani, na sasa pale pana gundi tu na alama ya pembe nne. Hajamwambia mtu ila mimi. Alisema ulikuwa unalia, kwa hiyo akarudisha mlango.

Baki nayo. Ila ipige picha kwa simu, penye mwanga, isiwe na kivuli cha mkono wako, unitumie. Kijana anafunga faili Alhamisi saa kumi jioni, saa za huku.

Dada yako.