Yah: Malalamiko Kuhusu Ramani za Ukutani za Ukoloni wa Wazungu Amerika

Kwa Mhariri Mkuu,
Kampuni ya Uchapishaji wa Vifaa vya Kufundishia.

Ndugu Mhariri,

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Seti yenu ya karatasi tatu za ukutani pamoja na kijitabu chake, inayohusu safari za Wazungu kwenda Amerika na makoloni waliyoyaanzisha huko, ina makosa yasiyoweza kurekebishwa kwa kalamu ya mwalimu. Uchapaji hauna neno: karatasi ni nzito, plastiki haibanduki, herufi zinasomeka hata na anayekaa dawati la nyuma. Shida ni kilichochapwa.

Tuanze na mstari wa Tordesillas, yaani mpaka wa mkataba ambao Hispania na Ureno ziligawana nchi mpya, kwenye karatasi ya kwanza, maana ndio unaovuruga somo zima. Mmeupitisha baharini, kwenye nyuzi 31 Magharibi. Huo si mstari wa mkataba. Ni ule wa Papa Alexander VI wa mwaka 1493, uliowekwa legua 100 (kipimo cha mabaharia wa wakati huo) magharibi ya visiwa vya Azores na Cape Verde. Ureno iliukataa, na mkataba wa tarehe 7 Juni 1494 ukausogeza hadi legua 370 magharibi ya Cape Verde, yaani takriban nyuzi 46 na nusu. Hapo unaingia barani mashariki kidogo ya mdomo wa mto Amazon na kutokea pwani jirani na São Paulo ya leo. Kwa mstari wenu Ureno haipati hata shubiri moja ya Brazili, na mwanafunzi akiuliza kwa nini Wabrazili wanasema Kireno, ramani inamjibu uongo. Mkiuchora upya, tumieni nukta badala ya mstari mzito. Enzi hizo hakuna aliyeweza kupima longitudo baharini kwa uhakika.

Mshale wa Cabral, nahodha Mreno, nao umekatwa miguu. Unaishia Brazili, Aprili 1500. Yeye alikuwa safarini kwenda India na merikebu 13. Moja ilirudishwa Ureno na habari za nchi mpya, nne zikazama kwa dhoruba karibu na Rasi ya Tumaini Jema, na mwaka huohuo akapita Kilwa na Malindi kabla ya kufika Calicut. Kwa msomaji wa Kiswahili hakuna mshale mwingine unaounganisha Amerika na pwani yetu waziwazi kama huu.

Karatasi ya pili inasema "Wahispania 500 waliiteka Mexico mwaka 1521, kisha magonjwa yakaingia." Mpangilio umepinduliwa. Ndui ilishuka Mexico mwaka 1520 na kumuua mtawala wa Waazteki, Cuitláhuac, mwaka huohuo, kabla mji wao mkuu wa Tenochtitlan haujaanguka tarehe 13 Agosti 1521. Na hao 500 hawakuwa peke yao. Maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala, maadui wa zamani wa Waazteki, walikuwa upande wa Cortés, kiongozi wa Wahispania hao. Mbao za merikebu ndogo 13 zilizouzingira mji ziwani zilichongwa Tlaxcala na kubebwa mabegani hadi Texcoco, kandoni mwa ziwa hilo. Mkiondoa ndui na Tlaxcala, kinachobaki ni hadithi ya bunduki na farasi, na farasi wenyewe Cortés alianza nao 16 tu.

Kosa la namna hiyo limejirudia kwa Wainka: milki yote imepakwa rangi ya Hispania kuanzia 1533. Mfalme wao Atahualpa aliuawa mwaka huo, ni kweli, lakini Vilcabamba, ngome yao ya mwisho, ilidumu hadi 1572, na Wamapuche wa Chile, kusini ya mto Bío Bío, Hispania haikuweza kuwatiisha kikamilifu. Sehemu za aina hiyo huchorwa kwa mistari ya mshazari.

Potosí, mlima wa migodi ya fedha, mmeiweka pwani, karibu na Lima. Bila shaka chanzo chenu kiliandika "Peru", na mchoraji akaitafuta ndani ya mipaka ya leo; mlima huo uko Bolivia. Kijitabu kimezidisha kwa kusema wachimbaji "walihesabiwa kwa mita", kana kwamba walipimiwa kitambaa. *Mita* ni neno la Kiquechua la kazi ya zamu. Kuanzia 1573 gavana Francisco de Toledo alidai moja ya saba ya wanaume wazima wa wilaya 16, kama watu 13,000 kila mwaka, wakachimbe fedha. Fedha hiyo, iliyosafishwa kwa zebaki ya mgodi wa Huancavelica, haikuzunguka ncha ya kusini ya bara kama mshale wenu unavyoonyesha. Ilikwenda kwa meli hadi Panama, ikavushwa nchi kavu kwa nyumbu, kisha ikapakiwa tena upande wa Karibi.

Karatasi ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Mshale mnene wa watumwa unaelekea Virginia. Kati ya Waafrika kama milioni 10.7 waliofika hai, Brazili ilipokea karibu milioni 4.9, na nchi iliyokuja kuwa Marekani haikufikisha 400,000. Kwa hiyo mshale wa Brazili ukiwa na unene wa milimita 25, wa Marekani uwe milimita 2, na wa makoloni ya Waingereza ya Karibi kama 12. Ongezeni pia mshale kutoka Msumbiji kwenda Brazili, ambao haupo kabisa.

Jedwali la mazao limegeuzwa. Mahindi yameandikwa "kutoka India", nadhani kwa kudanganywa na jina. Asili yake ni kusini mwa Mexico. Muhogo, karanga na korosho ni vya Amerika Kusini. Kahawa na ndizi, mlivyovipa asili ya Amerika, vilipelekwa huko: kahawa ni ya Ethiopia, ndizi ni za Asia. Mkonge haumo, ilhali ulitoka Mexico na kuletwa Tanganyika mwaka 1893 kupitia Florida.

Tunaomba karatasi ya kwanza na ya tatu zichapwe upya. Ya pili inaweza kuokolewa kwa stika za ukubwa uleule wa maelezo ya sasa, na kijitabu kwa karatasi ya masahihisho. Tuletewe nakala ya majaribio kabla hamjachapa, ndani ya siku 30 tangu mpate barua hii. Hilo likishindikana, turudishiwe fedha za seti zote. Ziko kwenye maboksi yake, na stakabadhi tumeambatisha.

Wenu katika kazi,
Walimu wa Historia na Jiografia