Lameck, kuhusu ile filamu ya magari

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Ndugu yangu Lameck,

Mbukwa! Huku wazima, ila upepo wa mwaka huu hauna adabu. Rangi napulizia alfajiri kabla haujaamka, la sivyo gari la mteja linatoka na vumbi kama limepakwa unga wa mtama. Shemeji hajambo? Haya, salamu zimetosha, nina neno.

Flashi uliyompa dereva wa basi awaletee watoto ilifika. Niliipeleka Kibaigwa mwenyewe Jumamosi iliyopita, kwa sababu televisheni ya mama ilikuwa haiwaki na Chilewa, unamjua, ameahidi kuja kuitazama tangu Pasaka. Kumbe waya tu. Nikachomeka flashi, nikakuta Cars, ile katuni ya magari ya studio ya Pixar, ya pili peke yake. Ya kwanza hukuiweka! Nikakumbuka ulichoniambia kwenye simu, kwamba ya kwanza inaleta usingizi na hata wahakiki waliiponda. Ndiyo maana ulinisikia kimya wiki zote hizi. Nilikuwa napoa.

Sikiliza basi. Hawakuiponda. Ilipotoka 2006, wahakiki kama robo tatu hivi waliisifu, na mwanzoni mwa 2007 ikachukua tuzo ya Golden Globe ya filamu ya katuni, ya kwanza kabisa kutolewa kwa aina hiyo. Oscar ndiyo ilikwenda kwa wale pengwini wanaocheza dansi. Walichonung'unikia ni kwamba ni ndefu, dakika 117, na kwamba kisa cha mtu wa mjini mwenye majivuno anayekwama kijijini mpaka akapata akili kilishasimuliwa. Kimesimuliwa, ndiyo. Na bibi yako alitusimulia sungura na fisi mara ngapi? Tatizo la Pixar lilikuwa walikotoka: ukishawapa watu Finding Nemo, siku ukiwapa kitu kizuri tu wanaona umewapunja.

Hiyo ya pili uliyoichagua wewe, ya 2011, ndiyo waliyoiponda. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Pixar ambayo wengi wa wahakiki waliikataa, na kwenye Oscar haikuteuliwa hata kugombea. Wamechukua lile gari bovu lenye kutu, la kuvuta magari mengine, ambalo utamu wake ni kutokea kidogo na kuondoka, wakalifanya jasusi na kulizungusha Tokyo, Italia, London. Ni sawa na kumpa Chilewa kipaza sauti harusini. Watoto walicheka, sikatai. Lakini iliingiza zaidi ya dola milioni 500, kuliko ya kwanza, na kabla haijatoka midoli na nguo na mabegi yalikuwa yameshauza karibu dola bilioni 10 kwa miaka mitano. Waliosema inauza midoli hawakukosea, ila waliivika ya kwanza kosa la mdogo wake. (Ile ya ndege ya 2013 usinitajie. Hata hao Pixar si wao walioitengeneza.)

Mimi naiangalia kama fundi bodi. Wale watu waliipa kompyuta kazi ya kufuata mwale mmoja mmoja wa mwanga unavyogonga bodi na kurudi, ndiyo maana jangwa zima unaliona limelala kwenye boneti. Macho wakayaweka kwenye kioo cha mbele, si kwenye taa, gari likapata uso wa mtu. Na yule mzee, gari aina ya Hudson Hornet ya 1951, sauti yake ni ya Paul Newman, ambaye mwenyewe alikuwa dereva wa mashindano kweli. Mashindano ya Le Mans ya 1979 alimaliza wa pili. Ndiyo maana yule mzee akikaripia unaamini.

Lakini si hilo lililonifanya nikuandikie.

Ya kwanza ninayo kwenye kompyuta yangu. Ya pili ilipoisha nikawawekea. Watoto wakalala katikati (haya, hapo umepata bao). Mama akatoka kuosha masufuria, akavuta kigoda, akawa anatazama nami natafsiri. Tukafika pale kinapoelezwa kisa cha kile kimji: zamani barabara ya 66 ya Marekani ilipita katikati, watu wakasimama, wakala, wakajaza mafuta. Kisha ikajengwa barabara kuu pembeni, ili wasafiri waokoe dakika kumi. Kimji kikafa.

Mama akauliza, "Dakika kumi tu?"

Nikasema ndiyo, mama.

Akanyamaza. Kisha: "Na yetu hii treni inawaokolea saa ngapi?"

Lameck, sikujibu. Unajua tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kwa kupitia Kilosa na Gulwe, Gairo na Kibaigwa haizijui. Na mimi nikija Dar kununua rangi napanda hiyo hiyo. Ningemwambia nini? Anasema zamani kibandani kwake akipika sufuria mbili za wali zinaisha kabla ya adhuhuri, siku hizi moja inalala. Basi linalopita halisimami, linakimbizana na treni.

Nimerudi nikifikiria wale wahakiki. Waliosema kisa ni kilekile walikuwa wamekaa upande gani wa barabara? Mwisho wake, nakubali, ni peremende: dereva maarufu anahamishia makao yake pale na mji unafufuka. Hakuna bingwa atakayehamia Kibaigwa. Hata mama alicheka. Ila Kibaigwa haijafa, soko la mahindi lipo, malori yanapanga foleni msimu ukifika, na wapakiaji wana njaa kuliko abiria wa basi. Ndiyo mama anataka kuhamishia kibanda upande wa soko. Amepata kiwanja kidogo cha kukodi. Anahitaji mabati kumi na mawili. Mbao nitatoa mimi, na siku mbili za kazi. Yeye hatakuomba, unamjua, na tangu umwambie afunge aje akae Mbagala hataki hata jina lako litajwe mbele ya wateja.

Sasa nijibu. Ulimwambia kweli afunge, au alikusikia vibaya? Mabati utaweza kabla ya mavuno? Ukishindwa yote, sita je? Utampigia wewe, au nimwambie mimi? Mara ya mwisho kula mlenda wake ilikuwa lini? Na ile ya kwanza, uliitazama mpaka mwisho, au na wewe ulilala kama watoto?

Elia naye ana swali, amelirudia mpaka nimepanda basi: kama dunia ile haina watu, yale magari yana milango ya nini? Nimemwambia nitamuuliza baba mdogo wa Dar. Mimi milango ndiyo kazi yangu, na nimeshindwa.

Wako,
Yona