Kwa wanakwaya na timu za sifa wa Dar es Salaam: tuachieni nasi tuimbe

Wanangu na wajukuu zangu katika Kristo,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi mnaosimama mbele yetu kila Jumapili, kuanzia kwaya za sharika kongwe za katikati ya jiji hadi timu za sifa za makanisa ya mabati kule Mbagala na Kimara. Kazi yenu naiona. Mnatoka vibaruani jioni, mnakaa kwenye foleni, mnafika mazoezini bila kula, na bado mnaimba. Mungu awalipe.

Sina ugomvi na gitaa wala ngoma. Zaburi ya 150 inataja baragumu, kinubi, matari, hata matoazi yavumayo sana, kwa hiyo anayetaka ala zitolewe kanisani ajibizane kwanza na Zaburi hiyo. Ninalolia nalo ni hili: waumini wameacha kuimba.

Siku moja mwangalieni mtu wa benchi la nyuma. Spika zimefunguliwa hadi hajisikii mwenyewe, na mtu asiyejisikia hakawii kunyamaza. Kii, yaani kimo cha sauti ya wimbo, imechaguliwa kwa raha ya kiongozi wa sifa, mwenye koo la miaka ishirini na mbili, basi mama wa watu akifika kwenye kiitikio anafunga mdomo. Wimbo tulioanza kuushika wiki iliyopita haupo tena, umeletwa mwingine. Mwishowe watu wanainua simu wanarekodi. Siwalaumu, maana wamefanywa watazamaji.

Kanisa limewahi kupita njia hii. Katika karne ya nne, mtaguso wa Laodikia, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, uliagiza kwamba kanisani wasiimbe wengine ila waimbaji waliowekwa rasmi. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa kule Ujerumani, alipotaka watu wa kawaida wairudie sauti yao, mwaka 1524 vilikuwa vimeanza kuchapishwa vitabu vya nyimbo kwa Kijerumani, lugha waliyoongea sokoni na nyumbani. Ndugu zetu Wakatoliki nao, katika hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1963, waliagizwa kuwahimiza waumini washiriki kwa maitikio, zaburi na nyimbo. Tumepiganiwa sana ili tuimbe, wanangu. Msituzime tena kwa waya za spika.

Someni Zaburi ya 136. Ina mistari 26, na kila mstari unaishia na maneno yale yale: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Mmoja anatangulia, umati unapokea. Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo. Ndivyo tunavyoimba shambani, harusini na msibani, na ndiyo sababu pambio zuri halihitaji karatasi wala projekta. Mtu aliyeingia kanisani leo kwa mara ya kwanza ataitikia kabla halijarudiwa mara ya tatu.

Wengine watasema basi tusijisumbue na mazoezi. La hasha! Daudi aliweka waimbaji 288 waliofundishwa, na Zaburi ya 33 inasema "pigeni kwa ustadi". Jifunzeni nota. Besi ijue sauti yake, alto isitangetange. Lakini ustadi wa kuongoza ibada unapimwa kwa jinsi watu walivyoimba. Uzinduzi wa albamu, sare mpya na kushuti video vina siku zake, navyo visile muda wa mazoezi ya nyimbo za ibada.

Sasa nawaomba. Shusheni kii hata hatua mbili. Wimbo mpya uwe mmoja kwa mwezi, mtufundishe taratibu kabla ya ibada kuanza, na uimbwe Jumapili zote za mwezi huo. Kwaya iendelee na wimbo wake maalumu, tunaupenda, ila ule wa kitabuni ni wa kanisa zima. Fundi mitambo asikae kando ya spika. Aende akasimame katikati ya waumini, na kama hasikii jirani yake akiimba, apunguze. Ubeti mmoja katika kila ibada uimbwe bila ala yoyote, kwa sauti nne, tukiwa pamoja nanyi. Na maneno ya kwenye projekta yaandikwe makubwa, kwa sababu sisi wazee tunataka kuimba beti zote, na macho hayafiki.

Mzee wenu wa kanisa,
Dar es Salaam