Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Ndege wa Matopeni

Wanachama wenzangu wa chama cha picha, hamjambo nyote. Ya pesa niyataje yaishe: ada haijapanda, deni hatuna, projekta imelipwa yote, na mweka hazina atawaonyesha hesabu zake. Mimi nataka tuongee picha.

Mwaka jana kila tukienda Mida Creek, ile hori ya mikoko karibu na Watamu, tulikuwa tunarudi na vidoti vyeupe huko mbali, halafu tunalaumu lenzi. Kumbe shida ilikuwa maji. Mzee mmoja mvuvi ndo alitufungua macho, akatuambia nyinyi mnakuja maji mafu, yasipopanda sana, ndege wametawanyika matope yote, njooni wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, mkae mahali pamoja masaa mawili kabla maji hayajajaa, msiwafuate, maji yenyewe yatawaleta. Na kweli yakawaleta. Maji yakipanda matope yanaisha kidogo kidogo, sululu, vitwitwi, chamchanga, hao ndege wa matopeni wote wanasukumwa mpaka wanasimama mbele yako, na wewe umelala kifudifudi, lenzi iko usawa wa macho yao, hata pumzi unaogopa kuitoa.

Picha ya mwaka kwangu ni ile ya membe, yule ndege mweupe na mweusi anayekula kaa. Mnajua membe kwao kwa kutaga ni Oman na pwani za Ghuba na Bahari ya Shamu, anachimba shimo mchangani, yai jeupe moja kwa kawaida, na mtoto wake anakuja na wazazi mpaka huku kwetu na bado analilia chakula. Sasa kijana wetu mmoja akanasa hiyo hiyo: mtoto wa kijivu amejiinamisha mdomo wazi, mzazi ana kaa mdomoni, mguu mmoja wa kaa unaning'inia. Tulipoiweka ukutani watu kimya. Halafu dada mmoja akasema taratibu, weupe wa kifua umeungua, mwanga umezidi, siuoni unyoya hata mmoja. Ilikuwa kweli. Yule kijana hakununa, bamvua iliyofuata akarudi, akashusha ekspoja stopu moja, yaani akaingiza mwanga nusu tu, akaleta membe ambaye unaweza kumhesabu manyoya, lakini safari hii hakuna mtoto wala kaa. Tulibishana usiku mzima ipi bora. Mimi bado nasema ya kwanza, maana ekspoja utaijaribu tena kesho, ule mlo wa mtoto hautaupata kwa kuomba.

Hayo ndo maoni ninayoyataka chamani. Ile tabia ya kusema "kali sana" na kukaa chini imepungua na nashukuru. Siku hizi mtu anakwambia umekata miguu, na hawa ndege miguu ndo habari yenyewe, ama kivuli chake majini umekiacha nusu, ama jicho halina mwanga. Wageni ndo naomba tuwaonee huruma, muulize kwanza alitaka kuonyesha nini kabla hujamwambia alichokosa.

Kuna jambo liliniuma. Mwezi wa kwanza maji yamejaa, ndege wamelala wamesongamana kwenye kipande kidogo cha mchanga, wenzetu wawili wakatembea kuwafuata, kundi zima likaruka. Picha zilitoka nzuri, mbawa angani kila mahali, na kikao kikakataa kuzijadili. Niliunga mkono na nitaunga tena. Hao ndege wanapumzika pale kwa sababu hawana pengine mpaka maji yapwe, na kila wakirushwa wanachoma mafuta wanayoyahitaji kwa safari.

Mwezi wa nne tutakwenda mapema, bamvua ya kwanza, kwa sababu wale chamchanga wa mdomo uliopinda wanakuwa wameanza kugeuka wekundu wa tofali kabla ya kuondoka kwenda kuzaa Siberia, na mpaka leo chama hakina picha hata moja nzuri ya wekundu ule. Tukutane kwenye daraja la mikoko kabla jua halijatoka, njooni na mkeka na maji ya kunywa, simu zizimwe sauti.