Mwenye laki tatu asikimbilie mashine

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni fundi visu, msomaji wako wa hapa Buzuruga, Mwanza, gazeti huwa nalisoma kwa fundi viatu maana yeye ndo ananunua sisi wengine tunachungulia tu, ila leo nimeona niandike mwenyewe. Karibu kila wiki nafuatwa na kijana, kaka nataka kuanza kutengeneza visu nina laki mbili, nina laki tatu, ninunue mashine gani? Na juzi kikundi cha vijana wanaojaza fomu za ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri wameniletea orodha ya vitu wanavyotaka, karatasi nzima mashine tupu, hakuna sehemu hata moja imeandikwa chuma wala msasa wala mkaa. Nikacheka halafu nikaumia, maana hiyo orodha ni yangu mimi ya miaka sita iliyopita.

Mi nilianza na laki saba na nusu baada ya kuuza pikipiki. Laki tano na nusu yote nikaitia kwenye mashine ya mkanda wa msasa, yuzdi, muuzaji akaiwasha pale dukani inavuma safi nikajua nimelamba dume, kumbe nimekula wa chuya. Mkanda uliokuja nao ukaisha siku ya nne, nikazunguka Makoroboi nikamaliza na hadiwea zote za Barabara ya Nyerere saizi ile hakuna, nikaagiza Dar, mkanda mmoja na hela ya basi unakaribia bei ya kuku. Wiki ya tatu umeme ukayumba mota ikaungua. Ile laki mbili iliyobaki nikanunulia tupa, msasa na mkaa, na visu vya kwanza nilivyouza vilitoka humo, sio kwenye mashine.

Sasa hoja yangu ni hii, hela ndogo ianzie kwenye chuma na moto. Ukipeleka sura ya kisu mbele utauza mara moja tu, mteja akirudi ni kuja kukurushia.

Chuma kwanza. Nondo achana nayo, haina kaboni ya kutosha, ile inayofanya chuma kikomae, utaichoma iwe nyekundu utaizamisha kwenye mafuta utapiga na msasa itang'aa kama kioo lakini haishiki makali, ukikata nyanya mbili imekuwa kijiko. Nenda gereji za Nyakato uliza vipande vya springi ya gari iliyokatika, hiyo ndo mali, ila nene, inafaa panga na kisu cha buchani, sio kisu chembamba, ukijaribu kuipunguza kwa tupa mpaka iwe nyembamba utazeeka. Kisu cha jikoni tumia tupa kuukuu ambazo mafundi wanatupa, ni chuma kigumu sana cha kaboni nyingi. Usianze kuikata hivyo hivyo lakini, ipashe iwe nyekundu halafu ifukie kwenye majivu ilale humo mpaka asubuhi ipoe polepole, ndo itakubali kuchongwa na tupa mwenzake. Mi huwa nawaambia vijana hapo hujatumia hata buku tano.

Halafu moto, wa kukikomaza kisu ulichokwisha kuchonga, hapa ndo watu wengi wanafeli. Jiko langu ni rimu ya gari nimeikandika udongo wa kichuguu, bomba la chuma linaingia chini, na draya ya saluni iliyotupwa ndo inapuliza. Bomba lisiwe la mabati yale ya kung'aa, ile zinki ikiungua moshi wake ni sumu, unaamka usiku unatetemeka kama una malaria. Chuma kikiiva usikisie kwa macho tu mchana wa jua kali, nunua sumaku ya spika mbovu kwa fundi redio ifunge kwenye waya, unagusa, ikishika bado, ikiacha kushika umefika karibu nyuzi 770, unaongeza moto kidogo tu halafu unazamisha kwenye mafuta ya alizeti ya uvuguvugu, ncha ikitangulia, wima, usikoroge kushoto na kulia kitapinda.

Mafuta nasema, sio maji. Nilikuwa na oda ya mama mmoja anayekata sangara pale Mwaloni Kirumba, nimekesha na kile kisu siku tatu, nimechonga kwa mkono, kimekaa mkononi vizuri kabisa, nikaona mafuta ya nini lita tatu ni hela nyingi nikazamisha kwenye ndoo ya maji. Nikasikia tik! Mlio mdogo hivyo hivyo kama ukucha unakatwa. Nikakitoa nikageuza kwenye mwanga nikaona ufa kama unywele kuanzia kwenye makali mpaka katikati ya ubapa. Kubana shilingi elfu kumi na tano ya mafuta nikapoteza siku tatu, na yule mama nilipomwambia akanijibu, "Mwanangu, mi samaki hanisubiri."

Ukishazamisha hujamaliza. Kisu kinakuwa kigumu kama chupa, kikidondoka sakafuni kinavunjika vipande viwili, kwa hiyo lazima ukirudishe kwenye moto mdogo kama nyuzi 200 masaa mawili, kipoe, halafu tena masaa mawili. Mi sina oveni. Jirani yangu anaoka keki, jioni akimaliza namlipia umeme naweka visu vyangu sita kwa pamoja. Namba za kwenye kitufe cha oveni usiziamini, angalia rangi, kabla hujaweka sugua sehemu ya ubapa ing'ae, ikigeuka rangi ya nyasi kavu umepata, ikifika bluu umeshalainisha sana. Na hapo ndo unajua kwa nini nasema usinunue oveni, mwenye keki yupo.

Sio kwamba nakataa mashine kabisa. Grenda ndogo ya mkononi ya inchi nne na nusu nunua, mi yangu ilikuwa elfu sabini na tano, na diski za msasa tatu nne, ila ukishachoma kisu ukirudi kukipunguza kwa grenda weka ndoo ya maji pembeni chovya kila sekunde chache, ukiona kona imegeuka bluu makali ya hapo yameshakufa. Miwani na barakoa usiache, vumbi la chuma halina dawa. Kinachobaki tia kwenye msasa, kuanzia namba 80 panda mpaka 400, na nunua mwingi, msasa uliochoka unakula muda wako ukidhani unabana matumizi. Mpini usikuumize kichwa, mafundi samani wanachoma vipande vya mninga kila siku, waombe. Na elfu hamsini iweke pembeni usiiguse, visu vitano vya kwanza ni vya kuharibu.

Hapa pembeni kidogo tu, wazee wetu wa upande wa Uzinza, wale Warongo, walikuwa wanayeyusha chuma kutoka kwenye mawe na kufua majembe yaliyokuwa yanauzwa mpaka Usukumani na Unyamwezini, kwa mkaa na mivukuto ya ngozi. Sisi tunaletewa springi ya Fuso imeshakuwa chuma tayari halafu tunalia mtaji.

Yule mama wa Mwaloni nilimrudia baadaye na kisu kingine. Yeye hataki kisu kinene, anataka chembamba kinachopinda kidogo kifuate mfupa wakati anatoa minofu, maana mnofu ukibaki kwenye mapanki, ile mifupa ya samaki aliyeshatolewa minofu, ni hela yake imebaki. Hiki nilikitoa kwenye kipande cha msumeno mrefu wa mashine ya mbao, ule wa kizamani usio na meno ya kubandikwa, wembamba wake ndo huo huo sikuhangaika kupunguza. Sasa hivi wenzake wanne wanataka kama kile na mi kipande kimeisha. Kwa hiyo Mhariri naomba kupitia hapa hapa gazetini, kama kuna mwenye mashine ya mbao upande wa Sengerema au Geita anayetupa misumeno iliyochoka aandike aseme yuko wapi, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, nakuja asubuhi narudi mchana.

Fundi visu,
Buzuruga, Mwanza